Kwa Mabukwe, Mpiga Santuri wa Bwiza

Mpendwa mabukwe,

Jumapili iliyopita wanafunzi wa chuo kikuu walishuka tena kutoka Mutanga Sud, wakajaza meza za mbele pale baani kwa Papa Kalonda. Msichana mmoja alisimama kando ya gramafoni muda mrefu akiangalia ninavyopanga santuri, halafu akaniuliza kucheza dansi ya tango nilijifunzia wapi, Ulaya? Nikamwambia nilijifunzia hapa hapa mtaani Bwiza, kwa mabukwe, mama wa mume wangu. Alicheka, akadhani namtania. Niliporudi nyumbani nikaona si vizuri watu wacheze kila wiki bila kujua ni nani aliyewaletea mchezo huu. Ndiyo maana nakuandikia, na barua yenyewe naiacha wazi. Bwiza ilitusema wazi, basi na isome wazi.

Unakumbuka nilivyoingia kwako? Uhuru ulikuwa bado mpya, watoto bado wanaimba nyimbo za bendera barabarani. Mimi binti wa katekista wa Kanyosha, nimekulia kwenye nyimbo za kanisa na jembe la mihogo. Shangazi zangu walikuwa wamenifunda vizuri: mama mkwe hatajwi jina, hatazamwi machoni, akikuita unaitika umeinama. Anselmi mwanao alinileta asubuhi, mchana akapanda lori lake kwenda Bukavu, maana kazi ya udereva haijui fungate. Nikabaki na wewe. Nilifagia, nikachota maji, nikachambua maharage, nikatafuta kazi nyingine nikaikosa. Ndipo ukatoka chumbani, mrefu, kitenge umekifunga kiunoni, ukasema, "Acha hayo maharage. Kuja hapa, simama."

Nilidhani unataka kunipima nishonewe nguo. Mkono wako wa kulia ukauweka mgongoni mwangu, wa kushoto ukashika wangu, na gramafoni ikaanza kulia wimbo wa watu nisiowajua. Nikatazama chini, miguuni. Ukaniambia, "We unaogopa nini? Apana tazama miguu. Miguu inajua njia. Nisikilize hapa." Ukagusa kifua chako.

Tulitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, tukarudi. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Nilikukanyaga, ukaendelea kama hukuona. Jioni ile nilisali rozari nzima nikimwuliza Mungu nimeolewa katika nyumba gani.

Mambo yako ulinisimulia taratibu, kidogo kidogo, tukimenya viazi. Ulipokuwa mjane bado kijana, uliajiriwa na Mgiriki mmoja mwenye duka la vitambaa mjini, ukamlelea watoto. Mke wake, uliyemwita Madamu, alikuwa amekulia Buenos Aires, huko mbali Ajentina, ambako baba yake alihamia kutafuta maisha. Mume alikuwa mtu wa duka: alirudi, akala, akalala. Madamu alikuwa na kabati zima la santuri na hana wa kucheza naye. Akakufundisha wewe. Na kwa kuwa yeye alitaka kucheza upande wake wa mwanamke, wewe ukafundishwa upande wa mwanaume, upande wa kuongoza. Mlicheza sebuleni miaka mingi, mchana, watoto wakiwa wamelala. Uhuru ulipokuja Wagiriki wengi walibaki, lakini wao waliondoka. Akakuachia gramafoni na santuri zake zote, akakuambia zikikaa bila kuchezwa zitakufa.

Kila ulipofika hapo ulichukua kiazi kingine. Nilichukua muda kuelewa kwamba ulimkosa sana yule mwanamke. Na tangu aondoke hukuwa umepata mtu wa kusimama upande ule mwingine, mpaka mwanao aliponileta na kikapu cha unga kichwani.

Kwa Papa Kalonda, yule Mkongo wa Uvira mwenye baa ya sakafu nyekundu, ulikuwa unapiga santuri kila Jumapili, tangu watu wanapotoka misa hadi jua linapoegemea milima ya Kongo. Watu walikuja kwa ajili ya rumba na cha-cha. Ukiweka tango, walikaa na kuagiza bia. Mwingine angekasirika. Wewe uliwaendea kama mtu anayemlisha mgonjwa: rumba za polepole, kisha tango moja lenye mdundo wa wazi, kisha rumba tena kabla hawajafika kwenye viti. Wa kwanza kubaki uwanjani walikuwa fundi baiskeli wa Buyenzi na mke wake, Waislamu wa mjini wa siku nyingi, ambao hawakunywa pale chochote ila chai. Walicheza wakiwa wameacha nafasi kati yao, kwa adabu, na bado hakuna aliyewashinda kwa uzuri. Wengine wakaona aibu kukaa. Baada ya miezi kadhaa wakaanza kuziomba wenyewe: "Mama, ile ya kutembea."

Ulinifundisha kazi hiyo kama mama wengine wanavyofundisha kupika, kwa kunisimamisha kando na kuniacha nione. Mchezaji hatazami miguu, ulisema, lakini mpiga santuri hatazami kitu kingine, kwa sababu mutu anaweza kucheka na miguu yake imechoka. Wimbo mmoja wa huzuni unatosha. Ukiweka wa pili juu yake, watu wanaanza kukumbuka kwao. Baada ya tango tatu nne zinazofanana uliweka kipande cha rumba, nusu tu, ili anayetaka kubadilisha mwenzake afanye hivyo bila kumvunjia mtu heshima. Kipande hicho ulikiita mlango. "Usifunge watu ndani," uliniambia. Santuri tuliziosha kwa maji ya sabuni, tukazikausha kivulini, na majirani walipita wakiuliza kama leo tunaanika sahani.

Anselmi hakupenda, lakini hakukataza. Alikuwa mtu mpole, hata katika kuondoka kwake. Alipata kazi ya reli Kalemie, ng'ambo ya ziwa, akasema atatuita. Mwanzoni alituma vitenge na salamu. Kisha salamu peke yake. Kisha akapita mfanyabiashara wa samaki, akakaa kwenye benchi letu, akazunguka maneno mpaka akashindwa kuzunguka tena: Anselmi ana mke kule, na mtoto tayari. Mimi nilikuwa sijazaa. Wewe ulimshukuru yule mtu, ukamsindikiza hadi barabarani, ukarudi ukanikuta nimekaa chini jikoni. Ulikaa chini pamoja nami, wewe na magoti yako yale yaliyokuuma, na tukabaki hapo mpaka makaa yakazima.

Habari ikafika kwa ukoo wenu milimani. Akaja baba mdogo wa Anselmi, shemeji yako, na wazee wawili. Walikunywa pombe ya ndizi uliyowapa, wakasifu nyumba, ndipo akaanza. Alisema kwa Kirundi, kwa upole, kwamba mke asiye na mume wala mtoto si wa ukoo tena, arudishwe kwa baba yake Kanyosha kwa heshima, na wewe uletewe binti wa ukoo wa kukutunza. Akaongeza kwamba amesikia pia mambo ya baa. Mama mzima na mkamwana wake kushikana mbele ya watu, hilo hakulielewa.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, nimeshafunga nguo zangu moyoni. Uliwaacha wamalize. Kisha ukasema, "Mwanangu ndiye aliyeondoka. Huyu hajaondoka. Sasa arudishwe nani?"

Shemeji yako alisema kwamba Anselmi ni damu. Ukamjibu hukatai, ulimzaa mwenyewe na unakumbuka. Lakini kama kuna jambo analoliona la aibu, asilisikie kwa watu. Aje Jumapili alione.

Akaja. Alivaa koti zito katika joto lile, akakaa meza ya pembeni, kofia magotini. Papa Kalonda alimletea Fanta. Mimi nilitaka kukimbia, na wewe siku hiyo ndiyo uliyochagua kunikabidhi gramafoni. Ulienda ukakaa upande wa pili wa uwanja kama mgeni, mikono mapajani, ukaniacha peke yangu na santuri zote. Nilianza na rumba, nikatazama miguu. Nikaona fundi baiskeli anasogeza kiti chake. Nikaweka tango la kwanza, la pili, la tatu, na uwanja haukubaki wazi. Niliweka mlango, watu wakapumua, na nilipoinua macho nikakuona unanitazama kutoka kule kwako. Hukuita, hukuinua mkono. Ulinitazama tu, kama wanavyofanya huko Ajentina kwa Madamu mtu anapomwomba mwenzake wacheze, ili akikataa asionekane amekataa.

Niliweka ile ya fidla nyingi uliyoipenda, nikaja.

Santuri ile haina hata dakika nne, nami ningekuambia kila hatua yake, lakini wewe ulikuwepo. Nitasema tu kile ambacho hukuweza kukiona kwa sababu uso wangu nilikuwa nimeuegemeza kwako. Kwanza nilifikiria macho ya watu. Kisha nikamfikiria Anselmi na mtoto wake. Kisha nikaacha kufikiria, kwa sababu ulisimama katikati ya wimbo, ukatulia, na ukaningoja. Hakuna mtu aliyewahi kuningoja hivyo. Nilipumua, ukasikia, tukaendelea. Sindano ilipoanza kukwaruza mwishoni nikakimbia kuiinua, na watu wakacheka nasi, kicheko kizuri.

Shemeji yako alimaliza Fanta yake. Alikuja kutuaga, kofia mkononi, akakutazama wewe kisha mimi, akasema, "Nitawaambia kwamba nilikuta nyumba ina watu. Hakuna nafasi ya kuleta mwingine." Akaondoka kutafuta gari la kupanda milimani, na jambo hilo halikusemwa tena katika ukoo.

Miaka iliyofuata ilikuwa yetu. Tulikuwa tunajulikana kuanzia Buyenzi mpaka Kanyosha, na hata baba yangu katekista alikuja mara moja, akasimama nje ya ua, akasikiliza, akasema fidla zile zingefaa kwa Krismasi. Ikaja pia ile miaka mibaya, ya amri za kutotoka nje usiku na meza ambazo asubuhi moja zilikuwa hazina wenyewe, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Tulipiga santuri mapema zaidi, kwa sauti ya chini zaidi. Jumapili moja walikuja watu wachache sana, na hakuna aliyesimama kucheza. Wewe uliendelea kubadilisha santuri moja baada ya nyingine mpaka saa ya kufunga. Njiani uliniambia kwamba waliokuja hawakuja kucheza, walikuja wasiwe peke yao, na hiyo nayo ni kazi yetu.

Ulipougua, mwili ulikuacha kuanzia miguuni. Mchana mmoja uliniomba nikae kitandani kwako, ukaweka mkono wako mgongoni mwangu kama kawaida, na tukacheza tumekaa, bila kusogea, kwa kupumua tu. Uliniongoza vizuri kabisa. Wiki hiyo hiyo tukakuzika, na Anselmi hakuja, kwa kuwa meli hazikuwa zinavuka.

Sasa habari ambayo nisingependa uisikie kwa mwingine. Anselmi amefariki. Ni mapafu, walisema. Ujumbe ulinifikia kupitia mabaharia, nikapanda meli ya kwanza. Wengi hapa waliniuliza naenda kumlilia mume gani. Lakini sikuwa naenda kama mke wake.

Nilikuta kaburi limeshafunikwa, lakini matanga hayajavunjwa. Uani walikaa watu wa reli na watu wa kanisa, wote wa upande wa mke. Wa upande wa Anselmi hakuwepo hata mmoja. Nilijitambulisha kwa mke wake, mwanamke mnene mwenye macho yaliyovimba kwa kulia, nikasema nimetoka Bwiza, kwa mama yake marehemu. Alijua mimi ni nani, nililiona hilo. Alisogea, akanipisha kwenye mkeka wake, mbele, mahali pa ndugu wa damu, nikakaa hapo siku zote za matanga.

Siku ya mwisho, watu walipopungua, aliniuliza polepole mama wa mume wake alikuwa mtu wa namna gani, maana Anselmi alimtaja usingizini tu. Wajukuu zako walikuwa wamekaa karibu. Wa kwanza ana urefu wako na shingo yako. Nikaanza kuwaeleza, na chai ikapoa, na mtu akawasha taa, na bado nilikuwa sijafika hata kwa Mgiriki.

Basi nilitaka ujue, mabukwe. Mwanao hakuliliwa na watu wa ugenini peke yao. Kulikuwa na mtu wa nyumbani kwenu.

Pumzika vizuri. Nawasha moto wa jioni sasa.

Ni mimi,
mkamwana wako