Mbio Zilizomliza Mama

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Matungu sote wazima. Nyanya yako anauliza kama unakula. Umeandika kwamba kitenzi cha Kiingereza cha kukimbia humaanisha pia kugombea, kuendesha na kutiririka, ukauliza kama ipo maana nyingine. Moja nilifunzwa na mama.

Mwaka wa Uhuru, wanafunzi wenzangu wa chuo kikuu walinichagua niwaongoze. Nikaja nyumbani, nikaingia uani mbio, na hotuba ya kuitikisa nchi kinywani. Mama akaketi chini akilia. Kaka yangu alikuwa amelazwa hospitalini, na kwetu aingiaye mbio huleta msiba.

"Amekufa?"

"Hapana, mama. Nimechaguliwa."

"Basi ungetembea, mheshimiwa. Nenda ukamwone."

Nilimkuta akinywa uji. Niliporudi, mama alikuwa mlangoni akiitazama miguu yangu, nami nikatembea polepole kuliko siku yoyote maishani.

Babu yako anayekuwaza