Kura Mbili za Mama

Chumba 1714, Jengo la Saba,
Wong Tai Sin,
Hong Kong.
10 Novemba 2023

Mpendwa Dada Lai-ngo,

Kwa heshima na taadhima naomba kuutangazia ukoo wote wa Kwan, walio hai na wale wanaotutazama kutoka kwenye picha za ukutani, kwamba juzi Jumatano, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mimi Kwan Wing-tak, kitindamimba wa nyumba hii, mwenye miaka hamsini na miwili na kitambi kimoja, nimefaulu mtihani wa udereva. Ni mara ya nne. Msiandae gwaride.

Sasa nianze upya kama mtu aliyefunzwa adabu. Hujambo Dada? Goti lako la kushoto linasemaje? Shemeji Pak-hung hajambo, na lile tanuri la mikate lililokuwa likizimika lenyewe ameshalibembeleza? Nasikia huko Melbourne joto ndiyo linaanza. Sisi huku tumefungua masanduku ya nguo nzito, na mke wangu Suk-yin amenitolea ile sweta ya kijani uliyonifumia. Siku hizi inaishia kitovuni. Yeye hajambo, na binti yetu Hoi-ching hajambo, ila ana miaka kumi na sita, kwa hiyo hatuzungumzi sana.

Mama ana afya. Anakula. Nitamfikia.

Najua umeshangaa kuona barua, tena ya mkono. Meseji zangu tangu Julai umezijibu kwa neno moja, "Sawa", na mtu akijibiwa "Sawa" na dada yake mara kumi na moja anajua kwamba si sawa. Halafu meseji mtu anaweza kuifuta kabla haijasomwa. Hii nikishaitia kwenye sanduku la posta, sina pa kurudi.

Kuhusu udereva, ucheke kidogo kwanza. Mara ya tatu nilianguka kwa sababu nilisimama kumpisha bibi mmoja avuke. Kumbe hakuwa anavuka, alikuwa anasubiri basi. Mwalimu wangu, Bwana Fung, alinishukia kama mwewe: "Mzee Kwan, bibi amekupungia mkono uende. Mtahini amekupungia. Hata basi lililo nyuma yako limepiga honi. Wewe ulikuwa unasubiri nini, kadi ya mwaliko?" Nikamwambia mimi nimelelewa na wanawake wawili wakali, siwezi kumpita bibi hivi hivi. Akasema basi nikatafute kazi ya kusukuma mkokoteni.

Basi, Dada, nimezunguka vya kutosha. Nisikilize.

Mama anasema haendi Australia. Si Melbourne, si Adelaide, haendi popote. Amejiandikisha, peke yake, bila kutuambia, kwenye makao ya wazee kule nyuma ya soko, alikokwenda yule bibi wa ghorofa ya tisa. Tarehe ishirini na nane anakwenda kuonwa na daktari wao. Sisi tunasafiri Januari. Maana yake tutamwacha, ana miaka themanini na miwili, na chanzo si miguu yake wala si kuogopa ndege. Chanzo ni mimi.

Wewe unachojua ni hivi: Julai nilikuandikia kwamba Mama amechagua Adelaide, kwamba kura ya hekaluni imekataa Melbourne, samahani. Wakati huo ulikuwa umeshampigia picha kile chumba cha nyuma, chenye dirisha la kuangalia bustani, na vyuma vya kushikilia ulivyomfungia bafuni. Ulijibu "Sawa". Tangu siku hiyo ukipiga simu Mama anatoa ishara kwa mkono na kuninong'oneza, "Mwambie niko bafuni." Dada, Mama amekaa bafuni miezi minne. Huenda umedhani amekususa. Hakukususa hata siku moja.

Nikurudishe nyuma kidogo. Karatasi za Suk-yin za kufanya kazi ya uuguzi huko Australia zilipotoka, tulikaa kikao cha familia Jumapili, kwenye ile nyumba ya chai ya karibu na kituo, vikapu vya mvuke vimejaa meza. Sydney ilikufa kabla ya chai ya pili, kwa sababu kodi zake tulizijua ni ndugu wa kodi za hapa. Ikabaki Melbourne na Adelaide. Suk-yin akasema, "Hospitali zimenikubali kote kuwili. Mimi nitafanya kazi, wewe chagua mji. Ila ukishachagua usije ukaninunia miaka mitano." Hoi-ching akasema yeye popote, mradi baba yake asiendeshe. Mama alikuwa anabandua karatasi chini ya andazi, akashangaa tu: "Hapo mnajadili nini? Kwani mtu huulizwa kama anataka kwenda kwa mwanawe?"

Kwa Mama jambo lilikuwa limekwisha. Mimi ndiye niliyesema, kwa sauti ya mtu mwenye busara, kwamba kuhama nchi ni jambo zito, twende tukaulize hekaluni. Mimi, ambaye sijachoma udi kwa hiari yangu tangu nioe. Suk-yin alinitazama juu ya kikombe. Mama alifurahi. Alidhani mwanawe hatimaye amepata dini.

Unakumbuka jinsi anavyofanya. Anapiga magoti, anataja jina lake na mahali anapoishi kana kwamba mungu ni karani mpya, halafu anatikisa kile kikebe cha vijiti vya mianzi vyenye namba mpaka kijiti kimoja kiruke. Aliuliza kwanza kuhusu Melbourne. Kijiti kikaruka upesi, karibu kinigonge kiatu. Nikaandika namba yake upande wa kushoto wa karatasi. Akauliza kuhusu Adelaide. Akatikisa, akatikisa, mikono ikachoka, hatimaye kikaanguka kimoja. Nikaandika namba upande wa kulia. Magoti yalikuwa yanamuuma, akakaa kwenye benchi, akanituma mimi kwenye vibanda vya wafasiri wa kura.

Mfasiri alikuwa mama mmoja mwenye miwani minene, anakula karanga. Akanitolea karatasi mbili za rangi ya waridi, moja kwa kila namba. Ya kwanza aliisoma akatabasamu. "Hii? Mpeleke kesho, usisubiri. Anakwenda mahali anaposubiriwa." Ya pili aliisoma akarudisha karanga kwenye mfuko. "Hii mwambie akae nyumbani anywe supu."

Kutoka kibandani mpaka kwenye benchi ni kama hatua arobaini. Nilipofika Mama aliinua uso. "Zimesemaje?"

Nikasema, "Melbourne ni kura ya chini, Mama. Adelaide ndiyo ya juu."

Alijisugua magoti. Halafu: "Umesoma vizuri?"

"Nimesoma, Mama."

"Haya. Wewe ndiye msomi."

Nikamwekea mkononi ile mbaya, nikamwambia ndiyo ya Melbourne. Ile nzuri nikaitia mfukoni mwangu.

Kwa nini? Wewe una haki ya kuuliza. Ningependa kukuambia nilipitiwa, lakini nilikuwa na hatua arobaini za kufikiri. Ulinitumia ujumbe kwamba Shemeji ana nafasi kwenye duka la mikate, na kwamba "meneja wa majengo kama wewe" hatapata shida kujifunza kazi. Dada, mimi si meneja wa majengo. Tangu kiwanda cha uchapaji kifungwe miaka miwili iliyopita, mimi ni bawabu. Nakaa kwenye meza ya mlangoni, naandika majina ya wageni, nabonyeza lifti kwa watu wenye mizigo. Si kazi ya aibu, na wazee wa jengo lile wananipenda. Ni kwamba kila nilipojiona nimesimama jikoni kwako, niliona macho yako yakinipima kuanzia juu mpaka chini na kujiuliza: ndiyo haya tu niliyoyapata? Nilitaka mji ambao hakuna mtu anayejua mimi nilimgharimu nani. Adelaide ulikuwa mji huo. Sina ubaya nao. Hata kwenye ramani nilihitaji miwani kuupata.

Huo ndio udhaifu wangu, na ningeendelea kuubeba kimyakimya, kama si juzi.

Juzi nilirudi na cheti cha udereva nakipunga kama bendera. Mama alikuwa amenipikia supu ya kuku na tende nyekundu. Alinisubiri nimalize bakuli la kwanza ndipo akasema. "Vizuri, sasa unajua kuendesha. Nendeni. Mimi nimeshapata pa kukaa."

Nikadhani anatania. Akanieleza ya makao ya wazee. Nikamwambia, "Lakini Mama, Adelaide kura yake ilikuwa ya juu!"

"Adelaide mimi simjui mtu. Niliuliza ya Adelaide kwa sababu wewe ulitaka. Mimi nilitaka kwenda kwa Lai-ngo, na mungu amekataa. Nami najua kwa nini amekataa."

Kisha akaniambia jambo ambalo katika miaka hamsini na miwili hajawahi kulitamka mbele yangu. Alisema ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Alisema alikupa kitambulisho cha binamu yetu ili kiwanda kikuchukue, akakufundisha barabarani kuitika jina lisilo lako. Siku ya kwanza ulirudi kutoka kiwandani San Po Kong vidole vimeungua kwa plastiki ya yale maua ya bandia, na swali ulilouliza mlangoni lilikuwa kama Tak amepata viatu vya shule. "Nilimtoa yeye shuleni nikakusomesha wewe," Mama akasema. "Halafu leo nikakae kwenye chumba chake chenye dirisha? Mungu ana macho. Naona haya kuongea naye hata kwenye simu."

Dada, ile karatasi mbaya anailaza chini ya mto. Ameilalia miezi minne akiamini ni hukumu yake.

Ndipo nikamwambia. Sikutafuta maneno mazuri. Nikasema, "Mama, nilizibadilisha. Ya Melbourne ndiyo ya juu. Nilikudanganya."

Alinipiga upawa. Nataka ujue hilo, kwa sababu litakufurahisha. Mkongwe wa miaka themanini na miwili alinyoosha mkono juu ya meza akanichapa upawa wa supu kwenye bega, mara mbili, na Hoi-ching alitoka chumbani akiuliza nani anagonga. Sweta ya kijani ina doa, nisamehe na hilo.

Halafu Mama akasema, "Ilete." Nikaitoa ile nzuri kwenye pochi, imekunjika na kuchoka. "Soma." Nikamsomea. "Tena." Nikamsomea tena, nikamfasiria kila mstari kama mfasiri alivyonifasiria. Mara ya tatu hakuniambia, nilisoma tu kwa sababu alikuwa amefumba macho na sikujua la kufanya na mdomo wangu.

Alipofumbua alisema, "Kumbe alikuwa ananisubiri." Akajifuta kwa kitambaa cha vyombo. Nilitaka nikupigie hapo hapo. Akakataa. "Hapana. Nikimwambia mimi, utajificha nyuma yangu kama kawaida yako. Mwandikie. Kwa mkono wako, na usiache kitu. Akishasoma, mimi nitatoka bafuni."

Kwa hiyo nimeandika, sijaacha kitu. Ile karatasi ya waridi imo ndani ya bahasha hii, ni yako na ya Mama, haikuwa yangu. Suk-yin naye nimemwambia. Amesema mji utakuwa ule utakaousema wewe na Mama, na kwamba yeye ameanza kuninunia leo ili miaka mitano iishe mapema. Sikuombi chumba kwa ajili yangu. Kama bado kipo kwa ajili yake, mwambie yeye mwenyewe kabla ya tarehe ishirini na nane. Na kama Shemeji bado anahitaji mtu, mwambie shemeji yake bawabu anaweza kupeleka mikate. Itafika imepoa, kwa sababu atawapisha mabibi wote wa Melbourne, lakini itafika.

Nisalimie Shemeji Pak-hung, na majirani zako walionitumia chai mwaka jana. Hoi-ching anakusalimu, Suk-yin anakusalimu. Mama hakusalimu kupitia kwangu. Amesema salamu zake haziamini tena mkono wangu.

Mbingu ikulinde wewe na goti lako, na tanuri lenu lisizime.

Yote haya ndiyo yaliyotokea, hakuna jingine. Ulikwenda kiwandani kwa jina la mtu mwingine ili mimi nijue kusoma, na siku pekee ambayo Mama alihitaji kusomewa, nilimsomea uongo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuonea haya,

Wing-tak
(bawabu)