Sauti ya Baba Iko Nyasini

Kambini, Jumapili 6 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini wewe na Baba hamjambo, na mgongo wako umepunguza malalamiko. Mimi mwili haujambo, ila roho iko juu tangu mchana, na kalamu hii naishika kama naikaba.

Nimepoteza simu.

Nilishakueleza habari za huku. Kambi nzima ya wajenga barabara haina mtandao, na mtu akitaka kuongea na kwao sharti aende mpaka kile kilima tulichokibatiza Kilima cha Haloo. Baiskeli ni moja, ya mpishi, na tunaipanda kwa zamu kila Jumapili. Leo ilikuwa zamu yangu. Nimefika juu, simu ikaanza kutetemeka mkononi, ujumbe juu ya ujumbe, na wa mwisho ukawa wako: "Baba amekusemesha. Sikiliza ukiwa umekaa." Juu yake palikuwa na sauti. Urefu wake sikuuona, kwa sababu kioo kimepasuka upande ule.

Dada, kidole kikakataa kubonyeza. Unajua tangu nilipoondoka karakana yake ya baiskeli Baba hajanitaja kwa jina la mtoto. Ukimsomea barua zangu anauliza, "Yule wa barabara anasemaje?" Nikajiambia, kama ananilaani, asinilaani mbele ya waendesha katapila waliokuja na lori lao na wamekaa hapa wanabembeleza wake zao. Nikaitia mfukoni nikasikilize kitandani. Nimefika kambini, mfuko mtupu.

Nimerudi njia ile ile nikiwa nimeinama kama mtu aliyedondosha jino. Giza limenifukuza. Nakuomba, niambie alisema nini. Au mwombe arudie.

Barua hii naipeleka kwa dereva wa lori la maji, ataiacha pale sokoni kwa fundi viatu.

Mdogo wako

---

Nyumbani, 11 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, mgongo wangu tumeshazoeana. Barua yako fundi viatu kaniletea mpaka mlangoni, akasubiri nisome mbele yake. Nimemwambia wote mnasalimiwa, akaondoka hajaridhika.

Wewe mtu, mfuko wa suruali? Na suruali zenyewe ninazijua, zile ambazo mifuko yake imechoka kuliko wewe.

Sijui alichosema. Siku ile alinituma chumvi. Chumvi ipo, kopo limejaa, lakini ukimwona Baba anakuomba simu yako kwa heshima unaondoka bila kuuliza. Nilimwonyesha tu: bonyeza hapa, useme. Nikazunguka soko lote bila kununua kitu. Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye kile kigoda chake cha kazini, simu iko juu ya goti, macho mekundu. Akasema ni vumbi la rimu. Nami nikakuandikia ule ujumbe haraka kabla hajaghairi.

Nilipotaka kusikiliza, hakuna kitu. Ameifuta upande wangu. Mzee huyu hajui hata kupunguza mwanga wa simu, lakini kufuta anajua, maana kila asubuhi hunifutia matangazo ya kampuni na kuyatukana moja moja. Kwa hiyo dunia nzima sauti ile iko kwako tu, yaani iko kwenye nyasi.

Nimemwambia umeipoteza. Akaendelea kukaza spoku za gurudumu la mwenye duka la dawa. Baadaye nilipomletea chai nikamwomba arudie. Akajibu, "Nimeshasema. Akiitaka ataitafuta."

Basi itafute, mdogo wangu. Nakuambia kwa dhati, usiiache. Mvua za huko zinaanza lini?

Dada yako

---

Kambini, 18 Juni

Dada,

Shikamoo. Habari za hapo, na kifua cha Baba je? Sababu ya kuuliza utaiona mbele.

Sijatulia hata kidogo. Msimamizi amenihamisha kutoka kwenye kupima usawa wa barabara akanipeleka kwenye kokoto, kwa sababu nilikuwa napima huku nimeangalia kilimani. Anasema barabara yake itapinda kunifuata mimi.

Nilikumbuka simu ina kengele ya kuniamsha, nayo hulia alfajiri hata pasipo mtandao. Nikawa natoka kabla ya wenzangu, nasimama sehemu moja ya njia, natega sikio. Kesho yake nasogea mbele. Nimesikia ndege wa kila aina, nimesikia na mpishi akiniita mwendawazimu kutoka mbali. Kengele sikuisikia, na sasa chaji itakuwa imeisha zamani. Kila nikikaa miguu inaniinua. Nala nimesimama. Wenzangu wamekwishakomba chakula changu mara mbili, wakidhani nimemaliza.

Jumapili mpishi akanionea huruma, akanipakia nyuma mpaka kilimani na kuniazima simu yake. Kumbe namba yako umeiandika nyuma ya ile picha yetu uliyonipa, sijui ulijuaje. Asante kwa kumwekea Baba simu sikioni. Nadhani ulimwona, mimi nilimsikia tu. Nilimwamkia, nikamwambia naitafuta, nikamwomba arudie hata nusu yake. Nilisikia gurudumu likizunguka nyuma yake, na yeye akihema. Halafu ukaja wewe ukasema, "Amerudi kwenye kazi yake."

Dada, kwa nini Baba anahema kama pampu iliyotoboka? Na kwa nini uliniambia nisiiache, kwa sauti ile ya barua? Mimi nakujua. Ukiwa na jambo unauliza habari za mvua.

Mdogo wako

---

Nyumbani, 24 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Leo sitaanza na mgongo.

Baba alinikataza kukuambia. Alisema hataki mtu amrudie kwa huruma. Lakini kesho tunaingia hospitali, na kuanzia hapo hakutakuwa na kitu cha kuficha. Ana uvimbe kooni. Daktari atautoa, anasema mzee atapona vizuri, atakula, atafanya kazi yake. Ila sauti itaondoka pamoja nao, na haitarudi. Ndiyo sababu aliomba simu. Nilipotumwa chumvi nilijua anakuaga kwa sauti yake akiwa bado anayo.

Usinikasirikie sana, au nikasirikie baadaye. Usije mbio. Ameniapisha kwamba ukija kabla hajatoka hatakufungulia, na unamjua.

Sasa sikia lililotokea. Barua zako namsomea. Anajifanya hasikii, anageuza geuza mnyororo. Jana usiku baada ya chakula akauliza, sauti yenyewe sasa ni mkwaruzo, "Hiyo baiskeli ya mpishi ina keria?" Nikasema ulishaandika amekupakia nyuma, basi inayo. "Siti iko juu au chini?" Sijui. "Mpishi mrefu?" Nikakumbuka uliwahi kuandika anainama kuingia jikoni. Akaitikia kwa kichwa.

Akasema, "Anatafuta njiani. Njiani haipo. Aliposhuka kukojoa, hapo ndipo aangalie."

Nikacheka, maana hukuandika umeshuka popote. Akasema yule hajawahi kufika mahali bila kushuka kukojoa tangu amezaliwa. Kisha akanyanyuka, mgonjwa mzima, akanionyesha katikati ya sebule unavyopanda baiskeli. Hukanyagi pedali taratibu kama watu. Unakimbia nayo, halafu unarusha mguu wa kulia juu ya keria kama mtu anayeruka ukuta wa jirani. "Nilimfundisha kwenye baiskeli yangu," akasema, "ilikuwa ndefu kwake, hakuwa na njia nyingine. Mguu ukipanda hivi, mfuko unafunguka. Kitu hakidondoki chini, kinatupwa. Aangalie kushoto, ndani ya nyasi, mbali kuliko anavyofikiri."

Alikaa chini amechoka, jasho linamtoka. Nilimfunika. Sijamsikia akisema maneno mengi hivyo tangu uondoke.

Tuombee.

Dada yako

---

Kambini, 3 Julai

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa, lori la maji liliharibika njiani. Nimehesabu, Baba ameshatoka chumba cha upasuaji na mimi bado nilikuwa napakia kokoto nikidhani ana mafua. Nilikukasirikia kwa muda wa kusoma ukurasa mmoja. Sasa basi.

Nilishuka kukojoa. Nilikuwa nimesahau kabisa. Ni pale njia inapoacha kilima, pana bomba la zege ambalo halikuzikwa. Niliegemeza baiskeli pale, nikamaliza haja zangu, nikarusha mguu.

Sikungoja Jumapili. Nilimwambia msimamizi naenda kuchukua sauti ya baba yangu, akaniangalia, akasema nirudi kabla ya lori la mchana. Nilisimama penye bomba, nikarusha mguu hewani bila baiskeli, nikajiona mjinga, nikatazama kushoto. Nikaingia nyasini. Nikaenda mbali kuliko nilivyofikiri. Ilikuwa imelala kifudifudi chini ya kichaka, kavu, siafu wamejenga urafiki na kasha lake. Niliketi pale pale. Nilimwita Baba kwa sauti, hakuna aliyekuwepo kunicheka.

Niliichaji kwenye jenereta. Wenzangu wote walikuja kuizunguka kama mgonjwa aliyezinduka, mpaka mpishi akawafukuza. Nikaenda nayo nyuma ya rundo la kokoto, nikakaa, kama ulivyoniagiza.

Dada, ni neno moja.

"Mwanangu." Halafu inakatika. Hata pumzi ya pili haimo. Niliirudia nikidhani simu imeharibika. Haijaharibika. Ulimwambia abonyeze hapa aseme, hukumwambia asiachie kidole. Amebonyeza, ameniita, ameachia, neno likatoka likaja kwangu. Mengine yote aliiambia simu iliyokuwa imeshalala juu ya goti. Yale macho mekundu uliyoyakuta yalikuwa ya hotuba ambayo hakuna aliyeisikia ila kigoda.

Nimelia, sitakuficha. Kwanza kwa hasira, kisha sijui kwa nini. Neno lenyewe ni lile nililokuwa nalitaka. Amelisema vizuri, bila mkwaruzo. Nimelisikiliza leo mara nyingi kuliko inavyofaa.

Usimwambie. Ametumia sauti yake ya mwisho, asijue imemwagika. Mwambie nimeipata pale pale aliposema, na nimesikia yote.

Mdogo wako

---

Nyumbani, 9 Julai

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Baba ametoka hospitali tangu juzi. Amekonda, ana kitambaa shingoni, na tayari amegombana na muuguzi kwa ishara. Usiku anaamka, nami naamka, tunaangaliana, tunarudi kulala. Tunasubiri barua yako kama watu wanaosubiri mkate utoke.

Kosa la kidole ni langu. Nilimwonyesha kama ninavyomwonyesha mtu anayejua. Ningekaa kidogo tu pale mlangoni ningegundua, lakini niliona adabu ni kuondoka. Sitalisema tena, nisije nikaanza kulia juu ya karatasi.

Nilimwambia ulivyoniagiza, neno kwa neno. Kwamba umeipata kushoto, mbali kuliko ulivyofikiri. Hapo alipiga paja, akatazama ukuta kwa majivuno kama ukuta ulikuwa umembishia. Kisha nikamwambia, "Na amesikia yote."

Alinyoosha mkono kuomba ule ubao anaoandikia kazi za wateja. Akafuta kazi ya mwenye duka la dawa kwa kiganja. Akaandika kwa chaki:

ANASEMAJE?

Nikauliza, "Anasemaje kuhusu nini, Baba?" Aliniangalia kama mtu aliyeingia kwenye mazungumzo yasiyomhusu. Akagonga ubao kwa chaki. Kumbe mle ndani alikuuliza jambo. Amekuomba kitu, na anangoja jibu.

Nilikisia mengi. Labda urudi karakana. Labda umsamehe. Labda uoe, maana hilo nalo analo. Labda yeye ahamie huko kwako akaione hiyo barabara. Siwezi kumuuliza bila kumwambia hukusikia. Ubao haufutwi, wateja wakija anawaonyesha waandike kazi zao ukutani. Kila nikipita anagonga.

Nitamwambia nini? Andika upesi, mimi mwenyewe sasa siwezi kukaa.

Dada yako

---

Kambini, 13 Julai

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya kwanza kukuandikia wewe mwenyewe, na sikujua ianzie wapi, ndiyo maana karatasi imekunjamana. Nimesikia unaendelea vizuri na kwamba muuguzi amekukoma. Mimi ni mzima. Siku hizi nakaa chini nikila.

Nilikuta simu pale ulipopaona ukiwa sebuleni. Mfuko wa suruali nimeushona.

Dada anasema unangoja jibu langu kwa lile uliloniuliza. Nimelifikiria kutwa nzima, nikalala nalo, na leo asubuhi bado nilikuwa nasema vile vile.

Jibu ni ndiyo, Baba. Lote, kama ulivyolisema.

Lori la maji linaondoka Jumamosi, dereva amekubali nikae naye mbele. Nitafika na barua hii au kabla yake. Nikifika usifute ubao, nataka niandike mwenyewe.

Mwanao