Kandambili za Mama Ukingoni mwa Ziwa

Kaka Bakari,

Salamu zikukute dukani kabla wateja hawajakuzonga. Huku Fort Portal kuna baridi kama ya kwetu Waithaka mwezi wa Julai. Asubuhi mimi na Mama tulipanda kilimani kuona kasri la mfalme. Mchana tukashuka kwenye ziwa lililojaa ndani ya shimo la volkano, na kiongozi wetu wa safari akatuonya kwamba ukiingia hatua moja tu, huna pa kukanyaga.

Wakati wa kuondoka, Mama hayupo. Kandambili zake, zimejaa tope, ziko ukingoni, zimeelekea majini. Nikakumbuka ulivyoniambia tukipanda basi pale River Road, "Usimwache hata dakika." Nami nilimwacha nikapige picha. Nikaita mpaka sauti ikakauka. Kiongozi akavua saa, akavua na viatu.

Kabla hajajitosa, Mama huyo, anatoka nyuma ya migomba miguu mitupu, anajifunga mtandio vizuri. Kumbe alitawadha pale ziwani, akaenda kuswali adhuhuri mahali pasipo na macho ya watu.

"Mbona hukuitika?" nikamuuliza, huku nalia.

"Nikate swala kwa kelele zako? Nilikusikia. Sauti yako ilikuwa na shida, nikakuongezea rakaa mbili."

Mungu akuweke, kaka, na watoto wote. Mama akikuhadithia mwenyewe, jifanye hujui. Mwandiko umepinda kwa sababu naandika kwa mkono mmoja. Wa pili umemshika yeye tangu saa nane.

Dada yako,
Zuhura