Kadi Haikuwa Mbovu

Alhamisi

Nimemwambia. Niliogopa, lakini nimemwambia.

Juzi nilimhakikishia Mwalimu Hafidh kuwa kadi ya mtandao ya klabu yetu ya kompyuta, ile inayochomekwa ndani ya kompyuta kuiunganisha na mtandao, imekufa, maana kila nikiwasha programu niliyoandika ya kuiendesha, kompyuta inaganda. Akaniamini, akaitia kwenye boksi la vitu vibovu.

Jana mama aliniita jikoni. Nilikwenda kimya, naye akaendelea kuita mpaka nikatokea mlangoni.

"Mtu akiitwa huitika, Salma. Mie ntajuaje kama ushasikia?"

Nikarudi kuisoma programu yangu. Data ikifika, kadi huita na programu huijibu. Ila kadi ikiita kwa sababu ya hitilafu, programu iliiandika hitilafu ile na kuondoka bila kujibu. Kadi ikazidi kuita, kompyuta ikakosa nafasi ya kufanya jambo jengine.

Niliongeza mstari mmoja tu, wa kuijibu kadi hata ikiita kwa hitilafu.

Leo nikamwambia, "Mwalimu, kadi nzima. Kosa langu."

"Kaitoe, tuone."

Nikaichomeka, nikawasha programu. Kompyuta haikuganda. Mwalimu akanisogezea boksi lote. "Na kadi hizi nyengine, nani kazihukumu kuwa mbovu?"

Boksini zimebaki kadi mbili. Zote nilizihukumu mimi.