Mtoto Mwenye Adabu

Mjukuu wangu Achieng,

Babu yako anakusalimu, shangazi yako Atieno anakusalimu, na wale mapacha wake wenye kelele pia wanakusalimu. Omena, dagaa wetu wa ziwani, wamekauka vizuri, Mungu ni mwema.

Umeniuliza mbona kila nikipiga simu nataka kusikia mtoto wako akilia. Baba yako akiwa mchanga alishikwa na homa, nikampeleka zahanati hapa Muhuru. Watoto wote kwenye benchi walikuwa wanapiga nduru, wetu kimya. Mama mmoja akaniambia, "Una bahati wewe, wako ana adabu!" Nikacheka, hata nikaona fahari.

Sista, muuguzi wa zahanati, akatoka, akawapita wote wanaolia, akafunua shuka nililomfunika baba yako.

"Anayelia ana pumzi. Huyu ndiye mgonjwa!"

Akamnyakua mbio, akamfunika pua na mdomo kwa kifaa cha mpira, akawa anakikamua kumpa hewa. Mimi niliomba tu. Halafu baba yako akalia kwa hasira, na sauti tamu kama hiyo sijaisikia hata kanisani.

Huyo sista namshukuru kila Sabato. Bila yeye ningemwandikia nani leo?

Jibu haraka, mama, uniambie mtoto amenyonya namna gani.

Bibi yako, Dani