Jani la Mgomba la Popi

Ndaga, kaka Anyisile!

Mvua ya huku Ikolo haikatiki, lakini sikia: baba katoka nje! Tangu tumzike mama alikuwa hafungui mlango wala mdomo, hata simu zako alikataa kupokea. Leo asubuhi Popi, mbwa wa mama, akalia akitaka matembezi yake. Kabla sijainuka, baba kakata jani la mgomba, haoo, wameshika njia ya mashamba ya mpunga! Jani kamfunikia mbwa, yeye mwenyewe analowa chapachapa! Waliporudi akamfuta Popi matope kwa shati lake, akamwingiza ndani. Baba huyuhuyu aliyekuwa akimfukuza hata barazani! Akasema, "Mama yenu angenigombeza."

Ukiipata barua hii, piga simu. Safari hii atapokea.

Mdogo wako,
Kisa